Maongezi ya Nyumbani: Mzigo wa Saratani, na Jinsi Waingereza Wanavyouchukua kwa Pamoja



Mwalimu mmoja wa shule ya bara ameniandikia barua, nayo imekaa mezani pangu siku nyingi. Asema hivi: “Mwalimu mwenzangu, habari za saratani twazisikia kila mahali, na kila tuzisikiapo ni habari za matanga. Je, hakuna mahali ambapo watu wameinuka wakafanya shauri la kuupunguza mzigo huu? Kama pako, utueleze wamefanyaje, tuwasomee watu wetu.” Sikukawia kumjibu kwa kukosa la kusema. Nilikawia kwa sababu jibu lenyewe lanigusa mimi, kama mtakavyoona mbele. Lakini barua ya rafiki haifai kulala bila jibu, basi leo na tuketi tuongee.

Kwanza tulijue jina. Saratani ni neno lililotoka kwa Waarabu, na maana yake ni kaa, yule mnyama wa pwani. Wayunani wa kale nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa, maana waliona uvimbe umetoa mishipa pande zote, mfano wa miguu ya kaa. Na wale wasemao kansa wanatumia neno la Kilatini lenye maana ile ile.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Miili yetu imejengwa kwa chembe ndogo sana, zisizoonekana kwa macho matupu. Kila chembe ina kazi yake na wakati wake: huzaa nyingine panapokuwa na haja, na siku zake zikiisha hufa ikaondoka. Saratani huanza pale chembe inapoharibika hata ikaacha kutii amri hiyo. Huzaa bila haja, wala haifi kwa wakati wake, nazo zilizotoka kwake hufanya vivyo hivyo, mpaka zinawasonga jirani zao, na mwisho nyingine husafiri kwa damu zikafanya makao mahali pengine mwilini. Mgonjwa wa saratani haambukizi mtu kwa kula naye sahani moja wala kwa kulala nyumba moja naye, wala ugonjwa huu si kazi ya jirani mwenye kijicho. Neno hili nalisema mapema, kwa sababu wagonjwa wengi wameachwa peke yao ndani kwa ujinga huo.

Sasa nimjibu mwalimu. Ndiyo, mahali pako, wala si pamoja. Lakini nitachagua pamoja, nipate kupaeleza vema: Uingereza. Huko kila mwaka watu zaidi ya 375,000 huambiwa na madaktari kwamba wana saratani, ndiyo kusema zaidi ya watu 1,000 kila siku ichwayo. Nao wanacho chama kikubwa kiitwacho Cancer Research UK. Chama hiki ni mtoto wa vyama viwili: kimoja kilianzishwa mwaka 1902, na cha pili mwaka 1923. Vyote viwili vilikuwa vikitafuta jambo moja, hata katika Februari 2002 vikaungana vikawa kimoja.

Chama hiki si serikali, wala hakina hospitali zake cha kulazia wagonjwa. Kazi yake kubwa ni kutafuta elimu ya ugonjwa huu, na kuitumia ile elimu iliyopatikana. Kwa miaka ya karibuni kimetoa kwa utafiti yapata pauni milioni 400 kila mwaka. Nanyi mtauliza, fedha nyingi hivyo hutoka wapi? Hutoka kwa watu. Yapata theluthi moja hutoka katika wasia, maana watu wengi wanapoandika wasia wao huacha fungu kwa ajili ya wagonjwa wasiowajua. Nyingine hutoka katika maduka ya chama, ambamo nguo na vyombo vilivyokwisha kutumika huletwa bure na kuuzwa kwa bei ndogo. Nyingine tena hutoka katika mbio. Mwaka 1994 wanawake walikusanyika katika bustani ya Battersea, London, wakakimbia, kila mmoja akiwa ameahidiwa fedha na ndugu na rafiki zake. Mbio hizo zimeenea nchi nzima, na tangu mwaka 2019 wanaume nao wamekaribishwa. Wengi wao si wakimbiaji. Wako wanaotembea tu, na mgongoni wamebandika karatasi yenye jina la mama au dada waliyemzika. Haba na haba hujaza kibaba, nasi twaona kibaba hiki kimefika wapi.

Shauri la chama ni hili. Katika miaka ya 1970, kama mngewachukua wagonjwa wanne wa saratani wa Uingereza na kuwaketisha barazani, baada ya miaka kumi mngemkuta mmoja tu hai. Siku hizi mtawakuta wawili, au karibu na hapo. Mwaka 2014 chama kilijiwekea shabaha, kwamba ifikapo mwaka 2034 wawe watatu. Watatu katika wanne! Si kwamba ugonjwa utakwisha, maana hawakuahidi wasichoweza. Wamesema tu kwamba kiti kimoja zaidi kisiwe kitupu. Na ili wafike huko wamezigawa kazi zao mafungu manne: kuujua ugonjwa, kuuzuia, kuugundua mapema, na kuutibu. Na tuyatazame moja moja.

Fungu la kwanza ni kuujua. Mtu hawezi kumshinda adui asiyemjua. Hapa nina kisa kitakachowafurahisha, maana asili yake ni kwetu. Mwaka 1893 mtaalamu mmoja wa Ujerumani, Paul Lindner, aliandika habari za hamira aliyoipata katika pombe ya nafaka iliyotoka Afrika Mashariki. Akatafuta jina la kuipa hamira ile, akachukua neno letu la Kiswahili, akaiita pombe. Hata leo wataalamu wa dunia nzima huiita hivyo katika vitabu vyao. Naam, wazee wa kanisa, msinitazame kwa jicho kali. Sikuisifu pombe, nimeeleza habari za hamira tu. Maana miaka mingi baadaye Mwingereza Paul Nurse aliichukua hamira ile ile, akaitazama jinsi chembe yake moja inavyogawanyika ikawa mbili, akagundua amri iliyo ndani yake, ile isemayo, “Sasa gawanyika.” Na mwaka 1987, alipokuwa akifanya kazi na kimoja cha vile vyama viwili vya kwanza, yeye na mwenzake waliionyesha dunia kwamba amri hiyo imo katika mwili wa mwanadamu pia. Mwaka 2001 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Na kutokana na elimu hiyo zimetoka dawa zinazozizuia chembe za saratani ya matiti zisigawanyike ovyo. Basi mtoto wa shule akikuuliza kuna faida gani kukitazama kitu kidogo, umpe kisa hiki.

Kiko na kisa cha pili kilichotoka kwetu. Mwaka 1957 daktari Denis Burkitt, mtu wa Ireland aliyepoteza jicho moja tangu utoto, alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Akaonyeshwa mtoto mwenye uvimbe wa ajabu katika taya, pande zote mbili. Baada ya muda akaona mtoto mwingine, na mwingine tena. Wengine wangeandika majina na kupita. Yeye akauliza, mbona ugonjwa huu uko hapa na hauko kule? Mwaka 1961 akapanda gari kuukuu pamoja na rafiki zake wawili, madaktari, wakasafiri yapata maili 10,000 kutoka Kampala mpaka kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Akaona kwamba ugonjwa ule hufuata nchi za joto na mvua, zile zile zenye malaria nyingi.

Mwaka huo huo wa 1961 alieleza habari zake London, na katika wasikilizaji alikuwamo kijana mtaalamu aitwaye Anthony Epstein. Yeye akawaza, labda kuna kijidudu ndani yake. Vipande vya uvimbe vikawa vikitumwa kwa ndege kutoka Kampala mpaka London, na kile chama kilichoanzishwa mwaka 1923 kikasaidia gharama ya kazi yake. Miaka miwili ikapita hawaoni kitu. Hata siku moja ya ukungu ndege ikashindwa kutua London, ikaenda kutua mahali pengine, na kile kipande kilipofika kimekawia, maji yake yalikuwa na ukungu kama maziwa yaliyoharibika. Wengi wangeyamwaga. Wakayatazama kwanza, wakakuta chembe za uvimbe zinaelea, nazo zi hai. Kutokana na chembe hizo, mwaka 1964, Epstein na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr wakaonyesha kirusi kilichokuwamo ndani. Ndicho kirusi cha kwanza kupatikana katika saratani ya wanadamu. Basi elimu hii haikutoka Ulaya tu ikaja kwetu kama zawadi. Ilianza katika vitanda vya watoto wa Uganda, na mama zao waliokaa kando ya vitanda hivyo wana sehemu yao katika sifa yake, ijapokuwa majina yao hayakuandikwa.

Fungu la pili ni kuuzuia. Chama kinasema kwamba huko Uingereza, katika saratani kumi, nne hivi zingeweza kuzuilika. Kisababishi kilicho kikubwa kupita vyote ni tumbako. Mwaka 1951 Richard Doll na Austin Bradford Hill waliwaandikia madaktari wa Uingereza kuwauliza, “Je, wewe wavuta sigara?” Madaktari 40,000 wakajibu, nao wakaendelea kuwafuata miaka hamsini, wakiangalia nani anakufa na kwa sababu gani. Habari ya mwisho ilitolewa mwaka 2004: mvutaji wa sikuzote alipungukiwa na yapata miaka kumi ya maisha yake. Lakini aliyeacha akiwa na miaka 50 alijirudishia miaka sita katika ile kumi, na aliyeacha akiwa na miaka 30 alijirudishia karibu yote. Basi baba usemaye, “Nimekwisha kuzeeka na sigara yangu, kuacha kuna faida gani?” jibu lako limeandikwa kwa maisha ya madaktari wale.

Walakini chama hakikuishia kuwashauri watu tu. Kilikwenda kugonga mlango wa wakubwa. Pamoja na wengine kiliwasihi wabunge mwaka hata mwaka, mpaka kuvuta sigara ndani ya mahali pa watu wengi kukakatazwa, Scotland mwaka 2006, na England mwaka 2007. Baadaye pakiti za sigara zikavuliwa mapambo yake, zikawa za rangi moja mbaya yenye onyo. Mwaka 1974 karibu nusu ya watu wazima wa Uingereza walikuwa wakivuta. Mwaka 2023 walikuwa yapata 12 katika 100. Mabadiliko hayo hayakuletwa na hotuba moja, wala na sheria moja. Yaliletwa na watu waliokataa kuchoka.

Tena iko chanjo. Saratani ya mlango wa kizazi, karibu yote, huletwa na kirusi kinachoenea kwa tendo la mume na mke. Uingereza ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 12 na 13 mwaka 2008, na wavulana mwaka 2019. Mwaka 2021 wataalamu waliosaidiwa na fedha za chama hiki walitoa hesabu yao: katika wanawake walioletewa chanjo wakiwa na umri huo, saratani hiyo ilipungua kwa 87 katika 100. Wasomaji, nasoma habari nyingi, lakini hesabu kama hiyo si ya kila siku.

Najua yasemwayo katika nyumba zetu. Wazazi wengine husema, “Binti yangu ana adabu, chanjo hii ni ya nini?” Na wengine huogopa kwamba itamfundisha mwenendo mbaya. Ndugu zangu, kuweka ndoo ya maji jikoni si kuualika moto. Tena binti mwenye adabu kamili aweza kuolewa na mume aliyekuwa na ujana wake kabla ya kumjua, naye asiwe na kosa lo lote. Nchi zetu nazo zimekwisha kuianza kazi hii: Rwanda mwaka 2011, Uganda mwaka 2015, Tanzania mwaka 2018, na Kenya mwaka 2019. Basi mwalimu, siku wauguzi watakapokuja shuleni kwako, usikae kando kama mtu asiyehusika. Waeleze wazazi mapema, kwa maneno yaliyo wazi.

Fungu la tatu ni kuugundua mapema, na hapa ndipo moyo wangu ulipokuwa ukisita.

Chukueni mfano wa saratani ya utumbo mpana. Huko England ikigunduliwa ingali changa, yapata watu 9 katika 10 huwa hai baada ya miaka mitano. Ikigunduliwa imekwisha kuenea mwilini, ni yapata mmoja katika 10. Ugonjwa ni ule ule, na madaktari ni wale wale. Kilichozidi ni siku tu. Kwa hiyo huletewa kwa posta, watu walio na miaka 50 na zaidi, kichupa kidogo. Mtu hutia ndani yake choo kidogo sana, akakirudisha kwa posta, nacho hutazamwa kama mna damu isiyoonekana kwa macho. Mwanzoni wengi waliona haya, wakavitupa. Chama kikafanya kazi ya kuwaondolea watu haya, na kuwatafuta wale wasiorudisha, wajue sababu yao. Wanawake huitwa wapimwe matiti na mlango wa kizazi. Na kwa wavutaji, magari yenye mashine ya kupiga picha za mapafu hupelekwa mpaka penye maduka, ili mtu apimwe pale aendapo kununua mkate.

Sasa niseme langu. Miaka michache iliyopita mama mmoja wa mtaa wetu, mwenye wajukuu, alinijia jioni baada ya mafundisho. Akakaa kitambo, akaivuta kanga yake, akasema, “Mwalimu, nina neno, ila si neno la kumwambia mwanamume.”

Nikasema, “Sema, mama.”

Akasema, “Nina kitu kifuani, mfano wa punje ya kunde. Wala hakiumi.”

Nami, kwa haya yangu mwenyewe iliyozidi haya yake, nikamjibu upesi, “Kama hakiumi, mama, kisikutie hofu. Tutakuombea.”

Tulimwombea kweli. Lakini sikumwuliza tena, maana sikujua niulizeje, naye hakurudia kusema, maana alikwisha kujibiwa. Mwaka ukapita. Punje ya kunde ikawa kama limau, na ngozi ikachubuka, na binti yake akajua kwa kuona alama katika nguo alizokuwa akimfulia. Wakampeleka hospitali, nami nikafuatana nao. Daktari aliwauliza swali moja tu: “Mbona mmekawia?” Binti akanyamaza, kwa kuwa hakujua. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nami nilijua. Tulimzika kabla ya mvua za vuli.

Sikosi usingizi kwa sababu tulimwombea. Nakosa usingizi kwa sababu niliyatia maombi mahali pa safari ya hospitali, hali yangeweza kufuatana nayo njiani. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Yule mama hakuficha. Alimwambia mtu, na mtu huyo ndiye aliyeficha. Basi enyi walimu, na wazee, na wake wa walimu, mtu akija kwenu na neno kama hili, msimjibu mliyoyajibu mimi. Vivimbe vingi vya kifuani si saratani, nalo ni neno la kumfariji mtu. Lakini atakayejua kipi ni kipi ni daktari, wala si mwalimu. Tena kutokuuma si dalili ya usalama, maana saratani mara nyingi huanza kimya.

Fungu la nne ni kuutibu. Fedha za chama na za vyama vilivyokitangulia zimesaidia kutafuta dawa zinazotumika leo duniani. Dawa moja ya uvimbe wa ubongo, temozolomaidi, ilitengenezwa na wataalamu wa Chuo cha Aston, Birmingham. Nyingine ya tezi dume, abirateroni, ilitoka katika taasisi moja ya London. Watu wengi hudhani dawa hupatikana kama embe liangukavyo. Sivyo. Hutafutwa miaka kumi, ishirini, na nyingi huonekana hazifai baada ya kazi ile yote, nao huanza tena. Tena chama kina wauguzi ambao mtu aweza kuwapigia simu bure, awaulize lile asiloweza kumwuliza daktari kwa haya au kwa haraka. Nadhani kazi hii ni ndogo kwa gharama, lakini si ndogo kwa mwenye hofu.

Isije mkadhani nimewaonyesha nchi isiyo na machozi. Hata sasa watu zaidi ya 167,000 hufa kwa saratani huko Uingereza kila mwaka. Saratani ya kongosho bado yawashinda, na walio hai baada ya miaka kumi hawafiki mmoja katika 10. Watu wa mitaa maskini huugua zaidi na hugunduliwa wamechelewa zaidi kuliko matajiri. Na hospitali za England zilijiwekea sheria ya kuanza matibabu kabla ya siku 62 kwa walio wengi, lakini tangu mwaka 2015 zimeshindwa kuitimiza kwa miaka mingi. Chama chenyewe husema mambo hayo waziwazi, mbele ya watu na mbele ya serikali, kwa hesabu iliyoandikwa. Nami naliona jambo hilo kuwa la kufaa kuigwa kuliko maduka na mbio. Mtu asiyekubali kuhesabu hasara yake hajui atengeneze nini.

Mtasema, “Waingereza wana fedha, sisi tuna nini?” Ni kweli, mashine hatuna za kutosha, na safari ya kufika kwa daktari ni ndefu na ya gharama. Lakini katika yale mafungu manne, yako yasiyongoja mashine. Kumzuia kijana asianze sigara hakungoji mashine. Kumpeleka binti akachanjwe, hakungoji. Mume kumwambia mkewe, “Jitazame, na ukiona kitu niambie, tutakwenda pamoja,” hakugharimu hata senti. Na kibaba cha kusanyiko kilichowekwa kwa ajili ya nauli ya mgonjwa asiye na nauli, hicho nacho ni chama, ijapokuwa hakina jina wala mhuri.

Zijueni na dalili zinazofaa kumpeleka mtu kwa daktari bila kungoja: uvimbe mpya po pote mwilini, donda lisilopona, damu katika choo au katika mkojo, damu kwa mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi au baada ya kukutana na mumewe, kikohozi kisichokwisha kwa majuma matatu, chakula kukwama kooni, na kukonda bila sababu. Mara nyingi itakuwa kitu kingine kidogo, nanyi mtarudi mkicheka. Afadhali mrudi mkicheka mara kumi kuliko kuulizwa mara moja lile swali nililolisikia mimi mlangoni.

Mwalimu uliyeniandikia, nadhani sasa umepata jibu lako. Uwasomee watu wako, na sehemu ile ya yule mama usiiruke kwa kunistahi. Mimi nimekwisha kwenda kwa binti yake nikamwambia yote. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza kama mwanawe, aliye na miaka kumi na miwili, yapasa achanjwe. Nikamwambia, “Ndiyo, binti yangu,” nami safari hii nikafuatana nao mpaka zahanati.

Basi, kwa leo na tuishie hapa. Mwezi ujao, tukijaliwa, nitawaeleza habari za maji ya kunywa, maana barua tatu zimekwisha kufika. Wasalimuni wote wa nyumbani.